Mguu wa mbele unaochechemea na kunyauka: mwongozo wa uvimbe wa neva kwa mbwa na paka

Mbwa wa miaka minane anaanza kuchechemea mguu mmoja wa mbele. Hakugongwa na bodaboda, hakuanguka, hana mwiba unyayoni. Anapewa dawa ya maumivu ya wiki moja, anapata nafuu kidogo, kisha hali inarudi palepale. Picha ya eksirei ya bega na kiwiko inatoka safi. Anaongezewa dawa. Ukija kumpapasa mwezi wa tatu, mfupa wa bega umechomoza kama ukingo wa ubao, nyama ya pande zote mbili imekwisha. Mara nyingi ni hapo tu ndipo uvimbe wa neva unapotajwa kwa mara ya kwanza, na miezi hiyo mitatu inaweza kuwa ndiyo ambayo uvimbe umeitumia kupanda kutoka kwapani hadi kwenye mizizi ya neva, pale neva zinapotoka kwenye uti wa mgongo.

Mwongozo huu unashika zaidi njia ya huyo mbwa wa mguu wa mbele, kwa kuwa ndiye anayekosewa mara nyingi. Kichwa, mguu wa nyuma na paka tutavigusa kwa ufupi mahali pake.

Kwanza ujue unatafuta nini

Neva ina ala, kama jambia. Ndani mna nyuzi zinazopeleka amri kwenye misuli na kurudisha hisia. Ala imejengwa na seli za Schwann pamoja na tishu nyembamba zinazoshikilia nyuzi hizo. Uvimbe tunaouzungumzia huota kwenye ala. Neva hunenepa, hukakamaa, hupoteza kazi yake, na uvimbe hutambaa ukifuata neva yenyewe kuelekea juu. Ukifika kwenye tundu lililo kati ya pingili na pingili huingia ndani na kuanza kubana ugwe wa mgongo, yaani ule mkanda wa neva unaopita katikati ya pingili.

Ripoti moja itaandika shwanoma, nyingine neurofibroma, nyingine neurofibrosakoma. Usikeshe na jina. Kwa mbwa, maswali yenye uzito ni mawili: uvimbe uko wapi kwenye neva, na umepanda hadi wapi. Kusambaa hadi mapafuni hutokea, lakini si kawaida yake. Unachoharibu zaidi ni pale ulipo na pale unapopanda.

Neva za mguu wa mbele hutoka kwenye uti wa mgongo kuanzia usawa wa pingili ya sita ya shingo hadi ya kwanza ya kifua, wakati mwingine ya pili. Zikifika kwapani husukana kuwa fungu moja kabla ya kugawanyika tena kushuka mguuni. Fungu hilo ndilo makao makuu ya uvimbe huu kwa mbwa wa makamo na wazee.

Hatua ya 1: Ondoa hatari kabla hujamgusa

Huku kwetu kichaa cha mbwa bado kipo, kwa hiyo usianze na neva. Mbwa ambaye taya limelegea, mate yanamtiririka, sauti imebadilika au tabia yake imegeuka ghafla, usimtie mkono mdomoni hata kama unadhani kuna mfupa umekwama. Mfungie peke yake, mpigie daktari wa mifugo. Ukiwa umeng'atwa au mate yameingia kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mbwa aliyepoteza nguvu za mguu wa mbele ghafla baada ya kugongwa huenda neva zake zimechomoka kwenye mizizi. Hiyo ni habari nyingine. Paka aliyepooza miguu ya nyuma ghafla, analia, na nyayo zake ni baridi, ana bonge la damu lililoziba mshipa mkubwa. Huyo ni wa kukimbizwa kliniki saa hiyohiyo.

Uvimbe wa neva hauji ghafla namna hiyo. Hujivuta kwa wiki na miezi, na kila mwezi ni mbaya kuliko uliopita.

Hatua ya 2: Rekodi mwendo

Simu inatosha. Tafuta sakafu tambarare isiyoteleza, kama mita kumi. Mtu mmoja amtembeze polepole kwa kamba iliyolegea: akija kwako, akienda, kisha akipita pembeni. Usimkimbize, mbwa anayekimbia huficha mengi.

Tazama kichwa. Mguu mbovu wa mbele unapogusa chini, kichwa hupanda. Mguu mzima unapokanyaga, kichwa hushuka. Wengi hulisoma hili kinyume na kulaumu mguu usio na kosa. Sikiliza pia kucha: mguu ambao neva zake zimechoka hukwaruza sakafu. Baada ya wiki kadhaa ukucha mmoja au miwili ya katikati inakuwa imelika kwa upande wa juu, na hiyo haisababishwi na maumivu ya kiungo peke yake.

Andika tarehe ulipoona kuchechemea mara ya kwanza, kila dawa aliyopewa, kwa siku ngapi, na ilimsaidia kwa kiasi gani.

Hatua ya 3: Pima nyama ya mguu

Chukua futi ya kitambaa, ile ya fundi cherehani. Mlaze mbwa ubavu, mguu unaopimwa ukiwa juu, umenyooshwa kiasi. Pata nusu ya umbali kati ya bega na kiwiko, weka alama kwa kalamu, zungusha futi hapo bila kubana hadi manyoya yalale tu. Soma mara tatu, chukua wastani. Mgeuze, rudia upande wa pili kwenye kipimo kilekile. Nusu sentimita ya tofauti inaweza kuwa mkono wako. Sentimita mbili kwa mbwa wa kilo 25 si mkono wako tena.

Futi haifiki juu ya bega, na huko ndiko mambo yaliko. Simama nyuma ya mbwa aliyesimama sawasawa, weka mikono yote miwili juu ya mabega yake kwa wakati mmoja. Katikati ya kila mfupa wa bega kuna ukingo unaoshuka. Upande mzima utausikia kwa shida, umezamishwa na nyama mbele na nyuma. Upande mbovu vidole vinateleza na kuangukia kwenye mabonde mawili.

Mguu usiotumika nao hupungua nyama, lakini pole pole na kwa usawa. Misuli iliyokatiwa neva hunyauka kwa kasi, ndani ya wiki moja au mbili unaona, tena kwa kuchagua: hii imekwisha, jirani yake ipo. Daktari akikwambia "ni kwa sababu hautumii mguu", muulize kwa heshima kwa nini basi nyama ya bega imeisha kabisa wakati ya chini ya kiwiko ipo.

Hatua ya 4: Papasa kwapa

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, hata kliniki. Inauma, kwa hiyo mfunge mdomo. Bandeji ya mita moja: kitanzi juu ya pua, pitisha chini ya kidevu, funga nyuma ya masikio kwa fundo la kufunguka haraka. Mbwa wa pua fupi na paka hawafungwi hivyo. Hao waachie daktari.

Msaidizi akumbatie shingo. Anza na upande mzima ili ujue kwapa la kawaida likoje. Laza vidole vilivyonyooka kati ya ubavu na mguu, vipandishe taratibu kuelekea shingoni, bonyeza kwa ncha za vidole dhidi ya ubavu. Kisha utenge mguu kidogo kutoka mwilini. Rudia upande mbovu kwa nguvu ileile.

Unatafuta mambo matatu: ukelele au kugeuka kutaka kuuma pale unapofika sehemu moja maalumu, kitu kigumu kilicholala kama kamba au kama kokwa ya embe, na kukataa mguu usitengwe. Mbwa mwenye ugonjwa wa kiwiko hulalamika ukikunja kiwiko. Huyu unaweza kukunja kiwiko upendavyo asiseme neno, lakini ukimnyanyua kwa kumshika kwapani kumpandisha kwenye gari anapiga kelele.

Usipopata uvimbe, usishangilie. Kwa mbwa wengi haufikiwi na vidole, hasa ukiwa kwenye mizizi karibu na pingili. Kwapa linalouma bila uvimbe lina uzito uleule wa kumpeleka mbele.

Hatua ya 5: Vipimo vidogo vya neva unavyoweza kufanya nyumbani

Unyayo. Mshikilie mbwa chini ya kifua ili asibebe uzito wote, kunja unyayo hadi mgongo wake ulale sakafuni. Mbwa mzima huurudisha papo hapo. Akiuacha, au akichelewa hata sekunde mbili, habari za mguu huo hazifiki vizuri kichwani.

Ngozi ya mgongo. Finya ngozi kidogo pembeni mwa uti, kuanzia karibu na nyonga ukisogea mbele. Ngozi ya pande zote mbili hutetemeka kama inavyofanya nzi akitua. Amri ya mtetemo huo hutoka kwa neva za kwapani, kila upande yake. Basi upande ambao neva za chini za fungu zimeharibika ngozi hulala kimya, hata ukifinya upande wa pili. Kipimo hakigharimu kitu na hakimuumizi.

Jicho. Mtazame usoni kwenye mwanga hafifu. Upande wa mguu mbovu mboni ni ndogo, kope la juu limeshuka, jicho limezama kidogo na utando wa kope la tatu umejitokeza. Hizo ni dalili za Horner. Tofauti ya mboni huonekana zaidi gizani, kwa sababu mboni mbovu haipanuki. Wenye mbwa wengi hununua dawa ya macho wakiona hivyo. Mguu na jicho vikiumwa upande mmoja, tatizo liko katikati yake: kwenye mizizi ya neva pale shingo inapokutana na kifua.

Hatua ya 6: Kliniki, na mpangilio wa vipimo

Usiende ukasema "anaumwa mguu." Sema: "Daktari, anachechemea tangu mwanzo wa Machi, amemaliza dozi mbili bila nafuu, nyama ya bega imekwisha na ukucha wa kati umelika kwa juu. Naomba umpime na neva pia." Mwonyeshe video kabla mbwa hajaingia chumbani, mbwa akiwa na hofu hutembea vizuri ajabu.

Mpangilio unaookoa fedha ni huu. Kwanza viungo na neva kwa mikono. Kisha damu, pamoja na kipimo cha magonjwa ya kupe, maana Ehrlichia inaweza kuvimbisha viungo na kumfanya mbwa achechemee. Ila ya kupe huhamahama na mara nyingi huja na homa. Haili nyama ya bega moja. Kipimo kikitoka chanya, atibiwe, lakini msimamishe uchunguzi wa mguu kwa wiki tatu tu, si zaidi. Mbwa wetu wengi wana kupe, na kipimo chanya kimefunika uvimbe wa wengi.

Eksirei ya bega, kiwiko na kifundo ni ya kuondoa mambo mengine, hasa saratani ya mfupa, ambayo mguu wa mbele hupenda juu ya mfupa wa mkono karibu na bega au chini karibu na kifundo. Uvimbe wa neva wenyewe hauonekani kwa eksirei. Mara chache utaona tundu la kati ya pingili limepanuka upande mmoja, na hiyo ni dalili ya kwamba umeshaingia. Kabla ya upasuaji wowote piga kifua picha tatu: kulia, kushoto na ya mgongoni.

Altrasaundi ya kwapa haisifiwi vya kutosha. Kwa kifaa cha masafa ya juu, megahezi 7.5 hadi 12, neva iliyoota uvimbe huonekana kama bomba jeusi lililovimba, na ukiwasha rangi ya mtiririko wa damu halipiti damu kama mshipa. Haimalizi ubishi, lakini inapatikana mahali ambapo MRI, mashine ya picha za sumaku, haipo.

MRI ndiyo picha bora, CT (eksirei ya tabaka kwa tabaka) yenye dawa ya kung'arisha inafuata. Kwa Tanzania anza kuuliza hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kwa Kenya kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilichoko Kabete. Kwa Uganda Makerere. Uliza kwa simu kabla ya safari, kwa sababu si kila kifaa kilichopo huwa kinafanya kazi wiki hiyo.

Ukipata nafasi ya picha, sisitiza jambo moja: zichukue shingo ya chini, mwanzo wa kifua na makwapa yote mawili kwenye fremu moja. Kosa la kawaida ni kuomba "MRI ya shingo", mpiga picha anakata fremu kando ya pingili, kwapa linabaki nje, ripoti inasema shingo ni salama. Makwapa yote mawili yanahitajika ili upande mmoja ulinganishwe na mwenzake.

Hatua ya 7: Sampuli

Uvimbe ulio chini ya ngozi hunyonywa kwa sindano namba 22 na bomba la mililita 5. Tatizo ni kwamba seli za uvimbe huu hushikana na haziachii kirahisi. Jibu la "seli chache, hakuna hitimisho" halimaanishi salama. Kwapani ndani usichome kwa kubahatisha. Mishipa mikubwa ya damu inapita hapohapo. Huko ni kwa kuongozwa na altrasaundi au kwa upasuaji.

Kipande cha nyama kiwekwe kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo wake mara kumi ya kipande. Kikiwa kinene zaidi ya sentimita moja, kikatwe ili fomalini ipenye, vinginevyo katikati kinaoza wakati nje kimeiva. Tumia chupa ya mdomo mpana: nyama huingia laini kwenye chupa ya mdomo mwembamba, ikakakamaa, na maabara wanalazimika kuivunja chupa. Usigandishe, usitie spiriti. Jina liandikwe ubavuni mwa chupa, siyo kwenye kifuniko, kwa kuwa vifuniko hubadilishana. Na kama ni neva iliyokatwa, mpasuaji afunge uzi kwenye ncha iliyokuwa karibu na uti wa mgongo. Ncha ile ndiyo itakayosema kama uvimbe umeisha au umebaki.

Jambo moja zito: usikubali prednisoloni, dawa ya steroidi, kabla ya sampuli. Kuna limfoma, saratani ya seli za kinga, inayojificha kwenye neva, na dawa hiyo huinywesha usingizi kwa wiki kadhaa. Picha inakuwa nzuri, sampuli inatoka tupu, kisha ugonjwa unarudi umekuwa sugu.

Hatua ya 8: Kuamua tiba

Uvimbe wa ngozini au chini ya ngozi ndio wenye bahati. Hukatwa kwa kuacha sentimita 2 hadi 3 za nyama nzima kila upande na tabaka moja safi chini yake, na wengi hawaoni tena tatizo. Anayeuchomoa kama kokwa kutoka kwenye ganda lake ameuacha: lile ganda lenyewe ni uvimbe.

Uvimbe wa fungu la kwapani kwa kawaida humaanisha kukata mguu pamoja na mfupa wa bega. Wenye mbwa husikia hilo na kuondoka. Lakini fikiria kilichobaki: neva ikishakatwa mguu hauna kazi, unaburutwa, unapata vidonda, isipokatwa, maumivu hayaishi. Mbwa mwembamba mwenye miguu mitatu mizima hujifunza kutembea ndani ya siku chache hadi wiki chache. Asiyefaa ni mnene kupita kiasi, au mwenye nyonga na magoti mabovu. Jaribu nyumbani: funga mguu mbovu kwa bandeji laini ukiwa umekunjwa, mtembeze dakika tano. Akisimama, akageuka na kwenda haja, ataweza.

Vituo vichache vyenye wapasuaji wa neva huweza kutoa neva iliyoathirika na kuacha mguu, endapo ni neva moja au mbili zisizobeba uzito. Neva ya radiali ikihusika, mguu hauna faida, maana ndiyo inayonyoosha kiwiko.

Uvimbe ulioingia kwenye mfereji wa uti unahitaji kufungua pingili. Matarajio yawe ya kweli: kwa uvimbe wa fungu la kwapani, kuishi karibu mwaka mmoja baada ya upasuaji ndiyo hesabu iliyozoeleka, kwa ule wa mizizi, karibu miezi mitano, na kurudi ni jambo la kawaida. Wapo wanaovuka sana hapo, hasa wale ambao ncha ya neva ilitoka safi. Mionzi husaidia kupunguza maumivu na kuchelewesha, lakini kwa wanyama ni huduma ya Ulaya, Marekani na kwingine kwenye mashine za kuwahudumia. Dawa za kemikali hazijaonyesha faida ya kutegemewa kwa uvimbe huu.

Uvimbe wa neva ya uso na taya ni tofauti. Upande mmoja wa paji la uso na shavu hubonyea kama tunda lililokaushwa, mbwa anakula bado, wala haonekani kuumwa. Kumpasua ni kazi ya wachache, lakini unakua pole pole na wengine huishi zaidi ya mwaka bila kupasuliwa. Kazi yako ni jicho: limepoteza hisia, halilalamiki likikauka au likiingiwa mchanga. Machozi ya bandia mara 4 hadi 6 kwa siku, na daktari apake rangi ya fluoresini kila mwezi kutafuta kidonda.

Wa mguu wa nyuma hufichwa na nyonga na goti. Mbwa aliyeshonwa goti asipone, na nyama ya upande mmoja wa tako imekwisha, apimwe kwa kidole njia ya haja kubwa. Fungu la neva za nyonga linafikiwa kutoka humo.

Hatua ya 9: Maumivu

Maumivu ya neva hayatulizwi na dawa za viungo peke yake. Dozi zilizo hapa ni za kukagua alichoandika daktari, si za kujinunulia.

Gabapentini kwa mbwa ni miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo, kila saa 8. Mbwa wa kilo 20 huanza na 200, yaani vidonge viwili vya 100. Siku mbili tatu za kwanza atayumba na kulala sana, kisha huzoea. Mwenye figo mbovu hupewa kidogo. Usiikatishe ghafla, ipunguzwe kwa wiki moja au mbili. Na usitumie ile ya maji ya binadamu kabla ya kusoma lebo: baadhi zina zailitoli, sukari inayoshusha sukari ya damu ya mbwa na kuua ini lake.

Meloksikamu, moja ya zile dawa za viungo, ni miligramu 0.2 kwa kilo siku ya kwanza, kisha 0.1 mara moja kwa siku, baada ya chakula. Kidonge cha binadamu cha miligramu 7.5 ni dozi ya mbwa wa kilo 75. Wako wa kilo 5 anahitaji nusu miligramu. Kinyesi cheusi, kutapika au kususia chakula: simamisha, piga simu. Ibuprofeni na diklofenaki zitoke kabisa kwenye mawazo yako, zinatoboa tumbo la mbwa.

Prednisoloni, miligramu 0.5 hadi 1 kwa kilo, hushusha uvimbe unaobana ugwe wa mgongo. Haichanganywi na meloksikamu wala ndugu zake. Acha siku 5 hadi 7 katikati.

Paka

Kwa paka uvimbe wa ala ya neva ni nadra, na mara nyingi hujitokeza kama kinundu cha ngozini kichwani au mguuni, ambacho hukatwa kwa mipaka mipana. Paka mwenye uvimbe kwenye mizizi ya neva au ugwe wa mgongo mshuku limfoma kwanza, hasa akiwa kijana. Pima virusi vya lukemia ya paka na utoe sampuli mapema, kwa maana limfoma ina tiba ya dawa na haihitaji kumkata mguu.

Gabapentini ni miligramu 5 hadi 10 kwa kilo, kila saa 8 hadi 12. Meloksikamu kwa paka ni uamuzi wa daktari peke yake, kwa dozi ndogo kuliko ya mbwa. Parasetamoli ni sumu: kidonge kimoja cha 500 kinatosha kumwua. Fizi hugeuka kahawia, uso na nyayo huvimba, pumzi inakatika.

Hatua ya 10: Baada ya hapo

Aliyekatwa mguu: sakafu iwekwe mkeka au zulia lisiloteleza, kucha ziwe fupi, uzito ushuke kidogo. Asiyekatwa: unyayo unaokokota uvishwe soksi nene au kiatu, ukaguliwe kila jioni, maana hausikii kidonda. Asiyeweza kusimama ageuzwe kila saa 4 na ashikiliwe kwa taulo chini ya tumbo akienda haja. Kidonda cha upasuaji na kwapa vipapaswe na daktari kila mwezi, kifua kipigwe picha kila miezi mitatu mwaka wa kwanza.

Dalili moja isisubiri miadi. Mguu wa nyuma wa upande uleule ukianza kujikunja au kucha zake kukwaruza, uvimbe umefika kwenye ugwe wa mgongo. Piga simu siku hiyo. Kama upasuaji hauwezekani, weka kalenda ukutani, kila jioni uandike amekula, amelala bila kulia, amesimama mwenyewe, amejisogeza. Zikipita siku tatu mfululizo ambazo majibu mengi ni hapana, ongea na daktari kuhusu kumlaza usingizi wa mwisho. Omba achomwe kwanza dawa ya usingizi akiwa kwenye mkeka wake, na kanula, yaani kimrija cha mshipani, iwekwe mguu wa nyuma ulio mzima, usiguswe tena ule wa mbele unaomuuma.